Nyumba ya Mita Sitini

Sehemu ya Tisa

Kidole cha yule mzee kilikuwa bado hewani.

Kama wiki iliyopita hukununua gazeti, shauri yako, lakini sina roho mbaya, nitakudokezea. Mzee aliyevaa suti ya kijivu aliingia katika ofisi ya udalali wa nyumba, mkewe akimfuata nyuma, akasema wanatafuta mji wa pwani wa kustaafia. Kisha akamkazia macho mwanamke aliyekaa mezani, akanyanyua kidole na kusema, "Wewe nakufahamu."

Mwanamke huyo alimfahamu zaidi. Mtaa mzima unamwita Bi Kamba, kwa sababu enzi za ujana wake hakuonekana bila kamba ya kupimia begani. Alikuwa mpima ardhi mwenye leseni. Mzee huyu ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kazi, na wafanyakazi walimpachika jina la Kalamu, maana kila kitu alikifanya kwa kalamu, kiwanjani hakanyagi. Miaka kumi na tisa iliyopita Kalamu alimponza Bi Kamba, akapoteza leseni, kazi na jina lake zuri kwa siku moja. Bi Kamba aliapa kwamba wakikutana tena, mmoja wao atalia, na hatakuwa yeye.

Sasa turudi kwenye kidole.

"Wewe," alisema Kalamu, "si ndiye uliyekuwa unauza stempu posta? Dirisha la tatu."

Bi Kamba alishusha pumzi. Kwanza alishukuru. Halafu hasira ikampanda hadi masikioni. Mtu anakuvunjia maisha, halafu hata sura yako haikumbuki. Afadhali angemtukana.

"Huenda," alijibu. "Watu hufanana. Karibuni mkae."

Wakakaa. Mke alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye macho makali na sauti ya chini, na hata mumewe alimwita Mwalimu. Alitoa daftari la shule mkobani akalifungua magotini.

"Tumezunguka miji mitatu," alisema. "Wa kwanza una hospitali kubwa na soko zuri. Bwana hakuupenda."

"Kelele," alisema Kalamu. "Meli zinapiga honi alfajiri. Halafu kila kona nakutana na mtu niliyemfukuza kazi. Chai yenyewe hainyweki."

"Wa pili uko kilimani, bahari unaiona kwa chini. Una maktaba, una daktari wa macho, na watu wake wanasalimiana. Huo mimi niliupenda."

"Ngazi mia na ishirini. Mimi nimestaafu, sijaandikishwa jeshini."

"Ngazi arobaini na moja," alisema Mwalimu. "Nilizihesabu."

"Na wa tatu?" aliuliza Bi Kamba.

"Mbu," walijibu wote wawili. Hilo tu ndilo walilokubaliana asubuhi nzima.

Kalamu alikunja nne. "Sikiliza, mama. Mimi mahitaji yangu ni machache. Nataka baraza linalotazama maji, kiti changu, upepo wangu, na jirani asiwe karibu. Basi."

"Na hospitali," alisema mkewe.

"Hospitali ya nini? Mimi siugui."

"Na mimi je?"

"Na wewe huugui."

Mwalimu alichora alama ndogo daftarini. Amesahihisha kazi za watoto miaka thelathini na nne, na alama ya kosa anajua pa kuiweka.

"Ipo nyumba moja," alisema Bi Kamba. Hakuwa amepanga kusema. Maneno yalimtoka yenyewe. "Upande wa kaskazini wa ufuko. Vyumba vitatu, baraza pana, jirani hakuna."

Jirani hakuna. Majirani walikuwepo, msomaji wangu, nyumba tano zilizopangwa mstari mmoja. Bahari ilizichukua zote.

Kutoka chumba cha nyuma kilisikika kikohozi. Mwenye ofisi ile ni wifi yake Bi Kamba, mke wa kaka yake, na kikohozi chake kina maana.

"Wifi, hebu njoo unishikie hili kabati."

Kabati halikuwa na shida yoyote. Wifi alifunga mlango akanong'ona. "Ile nyumba tulikubaliana hatumwoneshi mtu."

"Tulikubaliana."

"Ukuta wa nyuma una ufa unaoingia mkono mzima."

"Mwenye nyumba kauziba. Kapaka na rangi."

"Sasa huyo mzee wa watu kakukosea nini?"

"Ndiye yeye."

Wifi alichungulia mlangoni. Yeye ndiye aliyemlisha Bi Kamba uji kwa kijiko miezi miwili mizima alipogoma kutoka kitandani. "Yule yule?"

"Yule yule. Na ameniuliza kama niliuza stempu."

Wifi alifungua kopo la funguo, akachagua mmoja, akamwekea kiganjani. Lakini hakuuachia mara moja. "Na yule mama je? Yeye kakukosea nini?"

Bi Kamba akauvuta ufunguo.

Nikwambie kosa lenyewe, usije ukadhani Bi Kamba ni mtu wa kununa bure. Miaka ishirini na mbili nyuma alitumwa kupima ufuko ule wa kaskazini. Sheria ilitaka nyumba iwe mita sitini kutoka pale maji yanapojaa. Yeye alipata thelathini na moja, akaandika kwenye daftari la vipimo, akaongeza kwa mwandiko wake kwamba ufuko unaliwa kila mwaka na asijenge mtu. Daftari likaingia ofisini kwa Kalamu. Ramani ilipotoka ilisema sitini, na chini yake saini ya Kalamu, kwamba amethibitisha mwenyewe.

Nyumba zikajengwa. Mwaka wa tatu, alasiri moja ya maji makubwa, ya kwanza ikalala chini, na fundi cherehani aliyepanga chumba cha nyuma akakatwa mguu. Kamati ikaundwa, Bi Kamba hakuitwa. Kalamu akaapa kwamba vipimo alivyoletewa vilikuwa sitini, na kwamba alikwenda mwenyewe kuvihakiki kwa alama alizoweka Bi Kamba, na ule ukurasa wa daftari haukuonekana tena. Gazeti likachapa picha ya Bi Kamba. Mama wa yule fundi alimtemea mate sokoni, mbele za watu, na Bi Kamba hakuyafuta mpaka alipofika nyumbani. Mwenye nguvu mpishe, walimwambia. Alimpisha miaka kumi na tisa.

Basi alitazama kalenda ya maji iliyobandikwa ukutani, akawaambia wageni wake, "Njooni kesho saa nne asubuhi. Sio kabla, sio baada."

"Kwa nini saa nne?" aliuliza Mwalimu.

"Kuna mwanga mzuri," alisema Bi Kamba.

Saa nne bahari ingekuwa imekupwa, imekwenda zake mbali, na mchanga ungekuwa mtupu hadi macho yanapokomea. Mtu yeyote aliyewahi kupima ufuko kwa miguu yake angeuliza habari ya maji kabla ya kuuliza habari ya vyumba. Kalamu hakuuliza. Alisema mwanga mzuri utamfaa, ana miwani mipya.

Siku ya pili saa nne walikuwa barazani.

Mahali penyewe palipendeza, tusimnyime mtu haki yake. Sakafu ilikuwa nyekundu imesuguliwa, madirisha mapana, rangi ya ukutani bado inanuka. Kalamu aliweka kiti katikati ya baraza, akakaa, akafumba macho. "Hapa," alisema. "Hapa nitafia."

Bi Kamba aliangalia pembeni, asionekane uso.

Akamkabidhi ramani ya kiwanja. Kalamu alivaa miwani, akateremka na kidole chake hadi kona ya chini, kikasimama. Uso ukamchanua. "Mwalimu, njoo uone. Hii ni saini yangu. Kiwanja hiki nilikithibitisha mimi. Mita sitini kutoka jiwe la mpaka hadi maji yanapojaa. Dunia ndogo jamani. Kamati ilipiga kelele bure, nyumba hii bado imesimama."

Mkewe alisogea. Aliitazama saini ile kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jina la mumeo. "Ulifika hapa?"

"Nimefika kila mahali."

Mwalimu aliteremka ngazi tatu za baraza, akainama, akaokota kitu. "Mbona mwani umefika kwenye ngazi?"

"Upepo."

"Upepo unabeba mwani mbichi?"

"Mimi nimekaa kwenye ardhi miaka thelathini na tano," alisema Kalamu. "Wewe umefundisha insha."

Mwalimu alimgeukia Bi Kamba, mwani mkononi unachuruzika. "Mama, hebu niambie wewe wa hapa. Maji yakijaa hufika wapi?"

Bi Kamba aliinyooshea ramani kidole. "Ramani inasema mita sitini," alisema. "Na ramani ina saini ya mzee."

Hapo hakuna neno hata moja la uongo. Lakini moyoni alijua amefanya nini.

"Umesikia?" alisema Kalamu, akainuka kwenda kukagua tangi la maji juu ya paa. Goti lililoshindwa ngazi za kilimani lilipanda ngazi ya chuma bila kulalamika.

Wanawake wawili wakabaki barazani.

"Una mume?" aliuliza Mwalimu.

"Nilikuwa na mchumba."

"Akaenda wapi?"

"Alisoma gazeti."

Mwalimu hakuelewa, na hakudadisi. Alisogeza kiti karibu, akaangalia paa, akashusha sauti. "Nataka unitafutie nyumba nyingine. Ndogo. Chumba kimoja na jiko vinatosha. Kwenye ule mji wa kilimani. Yangu peke yangu, na huyu aliyeko juu asijue."

Bi Kamba alidhani hajasikia vizuri. "Unamwacha?"

"Miaka yote hiyo nilikuwa na mume wa jioni. Anarudi, anakula, analala, anaondoka. Nilimweza. Sasa ana miezi minne yuko nyumbani kutwa kucha. Amezipanga upya sufuria zangu, mama. Kwa kimo."

"Kwa kimo?"

"Kuanzia kubwa. Na amezipiga namba kwa rangi. Juzi nimepika wali kwenye namba nne, akaniuliza kwa nini si namba tano."

Bi Kamba alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akajikasirikia. Huwezi kucheka na mtu leo na kesho ukamzika kwenye kifusi.

"Sasa utahama lini?" aliuliza, akijifuta macho. Alikuwa anaomba jibu liwe kesho. Huyu mama akiwa kilimani na maktaba yake, Kalamu akabaki hapa na bahari yake, basi haki itatendeka bila kumgusa asiyehusika.

"Mwaka mmoja nitakaa naye hapa kwanza, azoee," alisema Mwalimu. "Siwezi kumtupa mtu kwenye nyumba ngeni. Hata kuwasha jiko hajui."

"Mtalala chumba kipi?"

"Anataka cha nyuma, kinachotazama bahari. Nami kitanda nitakuwa upande wa dirisha, maana yeye anaogopa upepo wa mgongoni."

Bi Kamba aliinuka akaenda ukingoni mwa baraza. Maji makubwa ya mwisho wa mwaka yalibakiza miezi mitano. Yule fundi cherehani naye kitanda chake kilikuwa upande wa dirisha.

Kalamu aliteremka akipangusa mikono. "Tangi zima. Twende tukasaini."

Saa tisa alasiri walikuwa ofisini. Wifi alikuwa ameshapiga chapa karatasi zote, nakala tatu, ameziweka mezani bila kumtazama mtu usoni. Kalamu alitoa kalamu yake ya wino mfukoni, akazungusha kifuniko taratibu, anavyofanya mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote akalipwa.

Bi Kamba alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alisubiri saa hii tangu alipokuwa na miaka thelathini na tatu. Usiku mwingi aliiota, na katika ndoto zake zote kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Sasa kilikuwa na mama mnene, mkoba magotini, anapekua daftari la shule kutafuta ukurasa safi wa kuandika orodha ya mapazia.

"Mzee," alisema Bi Kamba. "Weka kalamu chini kwanza."

"Bei imepanda?"

"Sitini si kweli. Ni kumi na nne. Na mwisho wa mwaka maji yanapiga ukutani."

Kalamu alitabasamu. "Nani kakudanganya?"

"Nimepima. Mwezi uliopita nimepata kumi na nne. Ulinituma mara ya kwanza nikapata thelathini na moja, nikakuandikia kwamba ufuko unaliwa. Posta mimi sijawahi kufanya kazi, mzee."

Tabasamu lilimtoka kidogo kidogo. Alivua miwani, akaivaa tena. Akamtazama toka juu hadi chini, na safari hii kidole hakikunyanyuka.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Mwalimu aliacha kupekua. Wifi alisogea mlangoni, sijui kwa kukimbia au kwa kuzuia mtu asikimbie.

"Kumbe ndivyo," alisema Kalamu. "Umeona nimepata nyumba nzuri, roho inakuuma. Unataka kuniharibia kwa chuki."

"Chuki ninayo, sikufichi. Ningekuwa nayo zaidi kidogo ningekuacha usaini." Bi Kamba alifungua kabati akatoa kamba yake ya kupimia, akaiweka kando ya karatasi. "Saa hii maji yamejaa. Ni mwendo wa dakika kumi. Wewe shika upande mmoja, mimi mwingine. Tukikuta sitini, nitapiga magoti mbele ya mkeo nikuombe radhi, na nyumba chukua."

"Twende tukapime," alisema Mwalimu.

Kalamu hakuinuka. Aliitazama kamba ile, akaitazama ramani, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Ewe msomaji, mtego huu huyu mtu alikuwa amejitegea mwenyewe. Akienda kupima, akakuta kumi na nne, atamwambia mkewe nini? Atasema alikosea, yeye aliyeapa? Mguu wa fundi utakuwa wa nani?

"Hakuna cha kupima," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza mkewe.

"Kwa sababu nilishapima. Nilikwenda pale mwenyewe, tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, kwa miguu yangu, nikakuta sitini. Nikaapa mbele ya kamati. Leo huyu anataka niseme niliapa uongo?"

"Nataka useme ukweli," alisema Bi Kamba. "Nyumba utaikosa, lakini mtalala mkaamka."

"Ukweli upo kwenye ramani."

Akasaini. Nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu, saini ile ile yenye mkia mrefu. Kisha akafunga kalamu, akaisukuma kamba pembeni kwa ncha ya kidole kana kwamba ina uchafu.

"Funguo," alisema.

Wifi alimtazama Bi Kamba. Bi Kamba aliinamisha kichwa, na funguo zikatolewa.

Asikudanganye mtu kwamba hakufurahi. Alifurahi, furaha ilimjaa kifuani ikamkaba. Alimwonya, mashahidi wapo, na mtu mwenyewe kachagua. Kutesa kwa zamu. Isingekuwa yule mama, angekwenda nyumbani akapika, akala akashiba.

Kwa hiyo alipomwona Mwalimu ametoka nje, amesimama peke yake kando ya gari, alimfuata.

"Mama, usilale kwenye ile nyumba," alisema. "Nakuomba. Hata siku moja. Ile ya kilimani nitakupatia wiki hii, hata kama ni kwa kubeba mlango mgongoni."

Mwalimu alikuwa analia. Hakuwa anajificha, machozi yalikuwa yanateremka tu. "Kumbe ni wewe," alisema. "Picha ya gazetini ulikuwa mwembamba."

"Nilikuwa mwembamba."

"Miaka kumi na tisa nakuombea dua kila Mungu akipambazua, na jana nilipokuona sikukutambua."

"Dua ya nini?"

Mwalimu alifungua mkoba akatafuta leso, hakuiona, akajifuta kwa kiganja. "Ile tarehe kumi na mbili hakwenda ufukoni. Hakwenda popote. Ilikuwa harusi ya mdogo wangu. Alivaa koti nililomshonea mwenyewe, akakaa meza ya mbele toka asubuhi mpaka jua kuzama. Nilipomsikia anaiapia tarehe ile mbele ya kamati, nilidhani ulimi umeteleza. Nikasubiri ajisahihishe."

Bi Kamba alishika mlango wa gari. "Ulikuwepo?"

"Safu ya tatu."

"Ukasikia."

"Nikasikia."

"Na hukusema."

"Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nyumba ilikuwa ya serikali. Angefungwa, tungekwenda wapi?" Alinyoosha mkono amshike bega. "Nimejuta, mdogo wangu. Nimefunga, nimeomba, wallahi sijalala vizuri."

Bi Kamba aliurudisha mkono ule kwa mwenyewe, polepole. Dua ni jambo jema, mimi siipingi, lakini kamati haikukaa mbinguni. Ilikaa kwenye ukumbi wenye viti vya mbao, na sentensi moja kutoka safu ya tatu ingetosha. Siku nzima alikuwa anampigania mtu huyu. Alitupa kisasi chake mezani kwa ajili ya mtu huyu.

Akajiona mjinga, na hakuna kitu kinachomkasirisha mwenye akili kama hicho.

"Ile nyumba ya kilimani," alisema Mwalimu kwa unyonge, "bado utanitafutia? Na usimwambie, tafadhali. Akijua leo, njia nzima garini hakutakalika."

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Kalamu alitoka na funguo zinalia mkononi, kifua mbele, mshindi. Aliona machozi ya mkewe. Akaona jinsi wanawake wale wawili walivyotazamana, akapunguza mwendo.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

Mwalimu alimtupia Bi Kamba jicho la kuomba. Lilikuwa jicho lile lile, nadhani, alilompa Mungu kila alfajiri, na pengine Mungu alilizoea.

"Nakuuliza wewe," Kalamu alimwambia Bi Kamba. "Mke wangu amekuambia nini?"

Bi Kamba alimtazama mume, akamtazama mke. Angeweza kutoboa habari ya nyumba ya kilimani, ikawa kelele za siku mbili na sufuria kuvunjika. Hilo lingekuwa dogo.

"Muulize," alisema, "harusi ya mdogo wake ilikuwa tarehe ngapi."

Funguo zikaacha kulia. Rangi ilimtoka Kalamu kuanzia masikioni. Alimgeukia mkewe taratibu, kwa namna ya mtu anayesikia dari inaalika, na ofisini Wifi aliacha kukusanya karatasi.

Mwalimu alifunga mkoba wake. Alinyoosha kitambaa kichwani. Na kwa sauti ile ya darasani, ya chini, isiyorudiwa mara mbili, akasema, "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane. Na picha zipo."

"Ziko wapi?" waliuliza Kalamu na Bi Kamba kwa pamoja.